Ploti Nyembamba: Acha Hewa Kabla ya Kuchimba Msingi

Sehemu kubwa ya Ruiru na Thika ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Kampuni za kununua ardhi ziliwagawia wanachama, wanachama wakawagawia watoto au wakauza. Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, wateja wa ploti waliongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, idadi inayozidiwa na ya Nairobi pekee.

Ndiyo maana ploti ya futi 50 kwa 100 leo hukatwa mara mbili, kila mmoja akabaki na futi 25 kwa 100. Mtu anaweza kujenga nyumba nzuri hapo. Lakini kosa la kwanza kwenye ploti nyembamba ni gumu kurekebishwa, na anayeumia zaidi ni atakayelala ndani.

Hesabu ya upana

Chukua ploti hiyo ya futi 25. Kuta mbili za kando za mawe ya Ndarugo ya inchi 9 hula futi moja na nusu. Ukijenga hadi mpaka pande zote mbili, ndani hubaki futi 23 na nusu: korido ya futi 3 katikati, na kila upande chumba cha upana wa futi 9 na inchi 9, baada ya kutoa kuta za ndani za inchi 6.

Ukiacha futi 5 kila upande, ndani hubaki futi 13 na nusu. Hiyo ni korido ya futi 3, ukuta wa inchi 6 na chumba kimoja cha futi 10.

Kwa hivyo wengi huchagua njia ya kwanza, kwa sababu vyumba ni mara mbili. Lakini madirisha yatatazama wapi? Dirisha lililo kwenye mpaka litazibwa siku jirani atakapopandisha ukuta wake. Vyumba vya mbele na vya nyuma vitapata mwanga. Vya katikati vitawasha taa saa sita mchana, na mpangaji atanunua tokeni za stima ili aone sufuria yake.

Giza si hasara ya pesa tu. Viini vya kifua kikuu husambaa kwa urahisi zaidi katika chumba kisichopitisha hewa. Jiko la makaa likiwashwa humo hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Moto ukizuka, korido moja yenye mlango mmoja huwa mtego, hasa madirisha yakiwa na vyuma visivyofunguka.

Ua wa katikati

Kuna njia ya tatu, nayo si ngeni Kenya. Katika mji wa kale wa Lamu, nyumba za mawe zimebanana ukuta kwa ukuta, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Hata hivyo zinapata hewa, kwa kuwa vyumba hutazama ua ulio wazi ndani ya nyumba yenyewe.

Kwenye ploti ya futi 100 unaweza kugawa jengo sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kuacha ua katikati. Kila chumba kipate dirisha linalotazama barabara, ua huo au nafasi ya nyuma. Mwanga huo uko ndani ya ploti yako, na jirani hawezi kuuziba.

Tahadhari: ua lazima ulingane na kimo cha jengo. Upenyo wa futi 4 unaweza kutosha kupitisha hewa kwenye nyumba ya chini, lakini ukiuzungushia ghorofa tano, wa chini wataishi gizani. Kadiri unavyopanda juu, panua ua.

Pia panga mapema mahali pa tangi la maji taka ikiwa mtaa wako hauna bomba la maji taka, na namna gari la kulinyonya litakavyolifikia.

Kabla ya kununua na kujenga

1. Cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi si hati miliki. Tafuta taarifa za ploti kwenye ofisi ya usajili wa ardhi.

2. Ploti iliyokatwa iwe imeidhinishwa kukatwa. Mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote.

3. Uliza ofisi ya mipango umbali unaotakiwa kuachwa kutoka barabarani na kwenye mipaka ya eneo lako. Usimwige jirani, huenda naye hakuidhinishwa.

4. Ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, na nguzo na msingi zihesabiwe na mhandisi. Jengo jembamba na refu, lililochimbwa kando ya msingi wa jirani, halijengwi kwa kukisia.

5. Pata idhini ya kaunti kabla ya kuchimba. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inaitaka, na anayejenga bila idhini anaweza kushtakiwa.

Wapangaji nao wana swali la kuuliza kabla ya kulipa dipoziti: dirisha hili linatazama ploti ya nani? Kama ni ya jirani, fahamu kwamba siku moja linaweza kuwa ukuta.

Mwenye ploti anayesita afike ofisi ya mipango ya ardhi ya Thika au Ruiru akiwa na nakala ya hati na mchoro wa awali. Kubadilisha mchoro ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.