Kifaa ndani ya gari: ulinzi au upelelezi?

Ndugu msomaji, siku hizi tajiri wa daladala anaweza kukaa barazani kwake Bagamoyo akajua gari lake limesimama Mapinga au limefika Bunju, na lilizimwa saa ngapi. Hamuulizi mtu. Ndani ya gari kumefichwa kifaa chenye laini ya simu, kinachotambua mahali kilipo kwa satelaiti na kupeleka habari hizo kwenye intaneti. Swali la kujiuliza: nani mwingine anaziona?

Kwanza tutenganishe mambo. Mabasi ya mikoani hufungwa mfumo wa VTS, ulioanza enzi za SUMATRA na kuendelezwa na LATRA, iliyochukua nafasi yake mwaka 2019. Dereva anayezidisha kilomita 80 kwa saa anaonekana. Hilo liko wazi: dereva anajua, abiria anajua, na lengo ni kulinda roho za watu. Anayepanda basi kupitia Msata kwenda Tanga hana sababu ya kulilalamikia.

Tatizo ni vifaa vya mitaani. Baadhi vina kinasa sauti: mwenye namba ya ile laini anapiga, kifaa kinapokea kimyakimya, naye anasikiliza mazungumzo ya garini. Kujua gari liko wapi ni haki ya mwenye mali. Lakini je, kusikiliza siri za dereva na mkewe, au za abiria aliyelipa nauli yake, nako ni kulinda mali? Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inatukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Kumiliki gari hakuhalalishi kilichoharamishwa.

Tena mpelelezi naye hupelelezwa. Julai 2022, wataalamu na idara ya Marekani ya usalama wa mitandao walitoa onyo juu ya kifaa cha MiCODUS MV720 kilichotengenezwa China. Nywila yake ya kiwandani ilikuwa 123456, na mgeni aliweza kufuatilia gari, hata kulikatia mafuta kwa mbali. Mei 2023, kampuni ya Toyota ilikiri kwamba habari za magari ya wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani, yakiwemo mahali yalipokuwa, zilikuwa wazi kwa takriban miaka kumi. Ikiwa Toyota imeteleza, itakuwaje kwa fundi wa kichochoroni aliyebaki na nywila yako?

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani, na inampa haki ya kuziona.

Basi tufanye nini? Tajiri, mwambie dereva wako kuna kifaa, na mkiandike kwenye mkataba. Zima kinasa sauti. Badilisha nywila siku ile ile kinapofungwa. Dereva wa bajaji ya mkopo, kabla hujatia saini uliza: nani ataniona, na nani anaweza kunizimia injini nikiwa barabarani na abiria? Na anayenunua gari kuukuu ahakikishe mwenye gari wa zamani hamfuatilii bado.

Amana hulindwa kwa uwazi. Kinachofichwa kwa dereva ni mtego.

Wallahu a'alam.