Viungo Visivyofunguka: Mafunzo Niliyopata Kanazi

Nimestaafu ualimu, kwa hiyo leo naweza kusema mambo niliyoyaficha nilipokuwa kazini. Wewe unayetaka kuwaandalia wanafunzi masomo ya kompyuta yasiyohitaji intaneti, nakuomba usipoteze miezi niliyopoteza mimi.

1. Anwani ya kwangu haikufikishi kwako

Nilikesha wiki nzima nikitengeneza ukurasa wa mitihani iliyopita ya kidato cha nne: kila somo na kiungo chake, ukibofya faili la PDF linafunguka bila kula kifurushi. Nyumbani kila kitu kilikwenda sawa. Nikanakili ukurasa na folda ya mitihani kwenye flashi, nikaingia nayo chumba cha kompyuta, hapa Kanazi, kwa mbwembwe zote.

Nikabofya Hisabati: faili halikupatikana. Kemia: halikupatikana. Nikailaumu flashi, nikalaumu virusi, nikalaumu hata umeme. Mtoto wa kidato cha pili akasoma anwani kwa sauti: “file:///C:/Users/Mwalimu/Desktop... Mwalimu, hii Desktop si iko kwako?” Darasa zima likacheka, nami nikajifanya nakohoa.

Ile mikwaju mitatu ilinishangaza nilipokuja kuielewa. Kati ya mkwaju wa pili na wa tatu ndipo mahali pa jina la kompyuta. Pakiachwa patupu, maana yake ni kompyuta hii hii iliyo mbele yako. Basi ile ya shule ilitii kabisa: ikaitafuta Desktop yangu tumboni mwake, isiione.

Kwa ujanja wangu nikabadilisha C kuwa E, herufi ya flashi. Nikapanda bodaboda hadi steshenari moja Ngara mjini, na huko flashi ile ile ikaitwa F. Nauli ikapotea bure.

Dawa ni kuandika njia kuanzia pale ukurasa wenyewe ulipo: mitihani/hisabati.pdf, basi. Ukurasa na folda vikihama pamoja, hata wakivipeleka Biharamulo, kiungo kitafunguka.

2. Hisabati na hisabati si mtu mmoja

Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Tulipoletewa kompyuta zenye mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, nusu ya viungo vikafa, kwa sababu huko Hisabati.PDF na hisabati.pdf ni mafaili mawili tofauti. Tangu hapo naandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

3. Kivinjari kikinyamaza, huenda kinakulinda

Hili ndilo lililonitesa zaidi. Tuliweka ukurasa kwenye kompyuta moja, nyingine ziusome kupitia mtandao wa ndani wa shule. Viungo vilivyokuwa bado vinaanza na file:/// vikawa havisemi lolote. Unabofya, kimya. Niliondoa Firefox na kuiweka upya mara tatu. Nikajaribu Chrome: kimya kile kile.

Mwanafunzi wangu wa zamani alipokuja likizo nikamwonesha. “Shikamoo mwalimu. Hiki si kibovu,” akasema, akabonyeza F12. Mstari mwekundu ukatokea: ukurasa uliotoka mtandaoni hauruhusiwi kufungua faili lililo ndani ya kompyuta. Akaniuliza, “Ungependa tovuti usiyoijua iingie kwenye mafaili yako?” Sikuwa na jibu. Kumbe nilikuwa nikigombana na mlinzi wangu mwenyewe. Tukahamishia mitihani kwenye folda ya ule ukurasa, tukaandika ile njia fupi badala ya anwani za file:/// kote, vikafunguka.

4. Fungua furushi kwanza

Kosa hili ni dogo, lakini nililirudia. Ukurasa ulio ndani ya faili la zip unaweza kufunguka huku viungo vyake vikigoma, kwa kuwa mafaili mengine bado yamefungiwa humo. Toa vyote kwanza, ndipo ubofye.

Na kabla hujamkabidhi mtu flashi, tafadhali ichomeke kwenye kompyuta isiyo yako, ubofye kiungo kimoja kimoja hadi cha mwisho.