Ugomvi wa Kura Chamani: Tuupeleke Wapi?

Somo letu safari hii ni la wanaofanya kazi katika hoteli za Diani, mashamba ya miwa ya Msambweni, shule na hospitali. Ni la wake na waume zao pia, maana ugomvi wa chama huingia mpaka nyumbani. Vyama vya wafanyakazi hufanya uchaguzi kila miaka mitano. Ilikuwa hivyo 2011, 2016 na 2021. Na kila mara, masanduku yakishafunguliwa, utasikia, "Tumeibiwa!" Huenda ni kweli, huenda ni uchungu wa kushindwa tu. Tutajuaje?

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1965 mashirikisho mawili ya vyama, KFL na KAWC, yalikuwa yakigombania wafanyakazi wa Kenya. Mwezi wa Agosti wafuasi wao walipigana Mombasa, na watu wakafa. Serikali haikungoja. Ilifuta mashirikisho yote mawili, na mwaka huohuo ikaundwa COTU. Katika mpango huo mpya, wafanyakazi walichagua majina matatu, kisha Rais akamteua mmoja wao kuwa katibu mkuu. Baadaye kiti hicho kilishikwa na Juma Boy, mtu wa Kwale aliyejulikana kwanza katika chama cha wafanyakazi wa bandari. Hebu angalieni: waliopigana walikuwa wanataka kiti, mwisho wake mtu wa nje ndiye aliyepata uwezo wa kukigawa.

Siku hizi njia ipo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inasema uchaguzi ufanywe kwa kufuata katiba ya chama iliyosajiliwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtu anapiga kelele ati katiba imevunjwa, ukimuuliza kifungu gani, kumbe hajawahi kuishika mkononi. Omba nakala ofisini kwa tawi kabla ya mwaka wa uchaguzi, siyo siku ya kura.

Ugomvi mkubwa huku kwetu ni juu ya nani mwanachama. Tuseme mpishi na mhudumu wa vyumba wanagombea uenyekiti wa tawi. Msimu wa wageni umekwisha, mvua za Aprili zimeanza, hoteli imewarudisha nyumbani nusu ya wafanyakazi. Aliyerudishwa hakatwi ada maana hana mshahara. Je, ana kura? Mpishi anasema hana, kwa sababu watu hao ni wafuasi wa mwenzake. Mhudumu anasema wanayo. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, swali hili lilikuwa la watu wengi mno. Jibu lake haliko kwa mpishi wala kwa mhudumu. Liko katika katiba ya chama: inasemaje kuhusu mwanachama aliyepitwa na ada, na anapewa muda gani kulipa? Kwa hiyo tunza karatasi zako za mshahara zinazoonyesha ada ilikatwa. Na orodha ya wapiga kura ibandikwe mapema, majina yasahihishwe kabla ya siku yenyewe. Orodha ikifunguliwa asubuhi ya kura, hapo fujo imeshaalikwa.

Mengine mnayajua: soda na mia mbili mbili usiku wa kuamkia uchaguzi, notisi ya mkutano inayobandikwa mahali wasipopita watu, meneja kumpa mgombea mmoja gari la kampuni. Hili la meneja sisi tunaliona ndilo baya kuliko yote. Mwenyekiti aliyebebwa na bosi atamdai bosi nini?

Ukiona kosa, andika. Andika siku, saa, mahali, nani alikuwapo, na mashahidi wawili watie sahihi. "Kila mtu anajua" si ushahidi. Onyesha pia kosa hilo liligusa vipi matokeo. Kura tano za wasiohusika, na mshindi amepita kwa kura mia moja, ni aibu, lakini matokeo yangebaki yaleyale.

Malalamiko yaanzie ndani ya chama, kwa wasimamizi wa uchaguzi na ngazi za juu kama katiba inavyoelekeza. Kisha kuna Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, ambaye hupelekewa majina ya waliochaguliwa, na ambaye anaweza kutoa maagizo ili uchaguzi ufuate katiba. Usingoje majina yameshaandikwa ndipo uamke. Asiyeridhika na uamuzi wa Msajili ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo iko Mombasa pia.

Na wazee, je, na mapadre na maimamu? Tuitwe, tutakuja. Tunaweza kuwakalisha wagombea wawili wasitukanane, wake zao wasalimiane sokoni Ukunda. Kuhesabu kura upya si kazi yetu. Na mgombea akipewa pesa ili aondoe malalamiko, hayo tusiyaite mapatano. Wanachama waliompigia kura hawakuulizwa.

Wakati huo wote kuna mama wa kufua nguo hotelini amefukuzwa bila barua. Anakwenda ofisi ya tawi, anakuta makatibu wawili, kila mmoja na muhuri wake. Mwajiri anasema, "Mimi sijui niongee na nani, malizaneni kwanza." Yule mama anarudi nyumbani na nauli imekwisha.