Herufi Moja Katika Damu

Somo la wiki hii ni la mwili, na linagusa jambo ambalo bado linasemwa katika familia zetu. Mtoto akipatikana na selimundu, ule ugonjwa wengi wetu tunauita siko seli, watu wanaanza kuuliza: hii laana imetoka upande gani? Mara nyingi anayelaumiwa ni mama. Kabla hatujajibu, hebu tuangalie vile damu inatengenezwa. Twende pole pole.

1. Maagizo yako wapi?

Mwili umejengwa kwa seli, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA. Hayo ni maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kila mmoja wetu alipokea seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kila seti ina herufi kama bilioni 3. Sehemu ya maagizo inayoeleza jinsi ya kutengeneza protini fulani inaitwa jeni.

2. Kopi inatolewa

Hati ya shamba haizungushwi ovyo, si ndio? Inakaa kwa sefu, na fotokopi ndiyo inatembea. Seli nayo hufanya hivyo. DNA inabaki ndani ya kiini. Protini ikihitajika, seli inanakili jeni ya protini hiyo pekee. Kopi hiyo inaitwa RNA, na ndani yake herufi U inakaa mahali pa T. Kopi ndiyo inatoka kwenda kazini.

3. Kopi inasomwa

Nje ya kiini kuna ribosomu, karakana za seli. Ribosomu inasoma kopi herufi tatu tatu. Kila tatu zinaagiza asidi amino moja, na asidi amino zenyewe ni aina 20. GAG inaagiza asidi ya glutamiki. GUG inaagiza valini. Ribosomu inaziunganisha moja moja kama shanga kwenye uzi, mpaka ifikie herufi tatu zinazosema simama. Uzi huo unajikunja na kuwa protini. Misuli, nywele na kucha zako zimejengwa kwa protini.

4. Herufi moja ikibadilika

Chembe nyekundu za damu zimejaa protini inayoitwa himoglobini, inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu. Ina nyuzi nne: mbili za alfa na mbili za beta. Uzi wa beta una asidi amino 146. Sasa sikia. Kwa selimundu, A moja kwenye jeni ya beta imekuwa T, basi kopi inasema GUG badala ya GAG. Ribosomu inasoma vile imeandikwa, na mahali pa sita inaweka valini. Zile 145 zingine ziko sawa kabisa. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, ndiye aliyeonyesha tofauti hiyo moja, mwaka wa 1956 na 1957.

Lakini hiyo moja inatosha. Himoglobini hii ikishaachilia oksijeni, inashikana na zenzake kuwa vijiti virefu, na chembe inapinda kama mundu. Inaziba mishipa midogo, ndiyo maana mtoto analia kwa maumivu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana anaishiwa damu.

5. Basi ni ya nani?

Mtoto anaugua akipokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Huyo ni SS. Mwenye moja pekee ni AS, na kwa kawaida ana afya, hata hajijui. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Kila mimba hesabu inaanza upya. Kwa hivyo kumlaumu mama peke yake ni hesabu isiyojumlika.

Na mbona huku kwetu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini mwaka wa 1949. Alikuta AS ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka wa 1954 akaonyesha kwamba kuwa AS kunamkinga mtu na malaria. Jeni hiyo ilidumu mahali palipo na malaria. Si laana ya kabila lolote. Na katika Yohana 9, Yesu alikataa kumlaumu kipofu wa kuzaliwa au wazazi wake. Sisi ni nani tulaumu?

6. Ya kufanya

Wachumba mlio katika darasa la ndoa, pimeni aina ya himoglobini mapema, mjue mkiwa wawili.

Wazazi, tutaombea mtoto, na dawa ataendelea kumeza. Haidroksiyurea inausukuma mwili kutengeneza zaidi himoglobini ya wakati wa tumboni, inayotumia jeni nyingine isiyo na herufi hiyo mbaya. Usimwachishe kwa sababu ameombewa. Daktari ndiye anabadilisha dozi. Akipata homa, usingoje ibada iishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Na sisi wengine: kuna mama katika kanisa hili aliyeambiwa ameleta laana nyumbani. Mketi naye wiki hii, mmweleze hesabu hii, na baba ya mtoto awepo.

Mungu awabariki.