Kitambo hicho ni cha lini?

Mwanangu wa Kipalapala,

Barua yako nimeipata, na ujumbe wa mchumba wako umeunakili kama ulivyo: "Yule tumeachana kitambo." Maneno matatu, nyumba nzima haina usingizi. Babu yako, mwalimu mstaafu, kafungua kamusi: kitambo ni muda wa kadiri, si mfupi sana wala si mrefu sana. Basi, anasema, wameachana kwa muda tu, kesho watarudiana. Unauliza kama mrudishe barua ya posa.

Msirudishe kwanza. Maana ya neno babu kaipata. Alipoteleza ni kwenye "kwa". Angeandika "tumeachana kwa kitambo", ningekwambia kimbia, maana kuachana huko kuna mwisho. Yeye kaandika "tumeachana kitambo", na hapo neno linatazama nyuma: yalikwisha siku nyingi. Tena umesema kakulia Nairobi. Huko kitambo ni zamani hasa. Nyimbo za kitambo ni zile walizocheza wazazi wake ujanani.

Ila urefu wake ndio hauna mwenyewe. Ndiyo maana tunasema kitambo kidogo, kitambo kirefu. Hapo Kwihara, si mbali na kwenu, Livingstone aliagana na Stanley Machi 1872, akabaki kungoja wapagazi wa kutumwa kutoka pwani. Aliondoka Agosti. Miezi mitano! Kwa mgonjwa anayeitazama barabara kila asubuhi, huo ni umri mzima. Kwa watu wa misafara ni kitambo tu. Wapelelezi Burton na Speke, kwa mfano, walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka kufika Tabora mwaka 1857.

Kwa hiyo wasiwasi wa babu siudharau. Aliyeachana na mtu miaka minne iliyopita husema kitambo, na aliyeachana naye Pasaka hii husema kitambo, tena huyu wa pili ndiye hulipenda zaidi neno lenyewe.

Mpigie simu, usimwandikie. Muulize: mwezi gani, mwaka gani? Akitaja, mhesabu wenyewe kama kinakutosheni. Akijibu tena "aa, kitambo bwana", nipigie na mimi.

Barua ya posa iacheni palepale, katikati ya ile kamusi ya babu isiyo na jalada, mpaka ajibu.

Shangazi yako