Kazi Isiyotimia kwa Mtu Mmoja

Walimu wengi wa mitaa huhuzunika wanapoitazama kazi yao. Miaka imepita, waliobatizwa ni wachache, na nguvu za mwili zapungua. Mwezi huu twataka kulitafakari jambo hili kwa habari za Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika Ujerumani.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga pia. Hata hivyo alifanya shauri kubwa: vituo vya misheni vifuatane kama mnyororo kutoka Mombasa, vikate bara lote mpaka pwani ya magharibi. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akaja, wakajenga Rabai. Mwaka 1851 Krapf alikwenda Ukambani. Wanyang'anyi wakawashambulia karibu na mto Tana, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akarudi akiteswa na njaa na kiu. Mwaka 1853 ugonjwa ukamwondoa. Ule mnyororo haukuwa umevuka hata Ukambani.

Je, alishindwa? Tukimpima kwa shauri lake, ndiyo. Wala haifai kulificha neno hili, kama wafanyavyo baadhi ya waandikao habari za wamisionari. Lakini na tufungue Kumbukumbu la Torati, mlango wa 34. Musa aliuawa na uchovu? Sivyo, twasoma ya kuwa macho yake hayakuwa yamefifia. Aliwekewa mpaka. Akaiona nchi yote toka Nebo, asiingie. Wahubiri wengi hukomea hapo mlimani, nasi twaona wamekoma mapema. Maana mlango ule ule wasema kwamba Musa alikuwa amekwisha kumwekea Yoshua mikono yake. Kazi iliyobaki upande wake wa mpaka ilikuwa ni hiyo, naye aliimaliza.

Krapf naye alikuwa na upande wake. Mwaka 1862 aliwasindikiza Wamethodisti waliojenga Ribe, kisha ugonjwa ukamrudisha Ulaya. Huko Korntal akaketi na makaratasi yake, kwa kuwa tangu siku za kwanza za Mombasa alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili. Kuokota maneno moja moja ni kazi ndogo machoni pa mtu aliyetaka kulivuka bara zima! Rebmann alidumu Rabai mpaka mwaka 1875, akarudi kwao kipofu, akafa mwaka 1876. Aliacha maandiko ya lugha ya Kinyasa, aliyojifunza kwa mtu aliyeletwa pwani akiwa mtumwa. Krapf akayatengeneza, yakapigwa chapa mwaka 1877.

Basi mwalimu anayehama mtaa, au anayezeeka, na aitazame daftari yake. Je, majina ya wanafunzi yameandikwa? Je, ajaye atajua ni somo gani walilofikia, na ni nani aliyeacha kuja, na kwa sababu gani? Tumeona mitaa ambako mengi ya hayo yalikuwa kichwani mwa mwalimu tu, yakaondoka pamoja naye.

Krapf alikufa Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Mwaka 1925 Kanoni Binns akaitoa tena, akiwa ameipanga upya na kuisahihisha.