Dinosaria Mwenye Tanga Mgongoni

Watoto, chukueni utepe mpime mita 1.65 ukutani. Huenda alama hiyo ikakaribia kimo cha mwalimu wenu. Basi mifupa mirefu zaidi iliyosimama mgongoni mwa spinosaurasi ilikuwa na urefu huo! Dinosaria huyu aliishi kaskazini mwa Afrika zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita. Mifupa ile ilifunikwa na ngozi, ikaonekana kama tanga la jahazi.

Twajuaje kwamba alikula samaki? Tazameni meno. Dinosaria wengi wala nyama walikuwa na meno bapa yenye makali kama msumeno, ya kukatia nyama. Ya spinosaurasi yalikuwa ya mviringo, laini na yenye ncha, kama ya mamba, yanayofaa kumnasa samaki anayeteleza. Mdomo nao ulikuwa mrefu na mwembamba. Mwaka 2020 wataalamu walieleza mkia wake: mpana kama kafia. Wengine wanasema aliogelea na kupiga mbizi, wengine kwamba alisimama majini akivizia kama korongo. Ubishi huo haujaisha.

Mifupa ya kwanza ilipatikana Misri mwaka 1912, na Mjerumani Ernst Stromer akampa mnyama jina mwaka 1915. Ilihifadhiwa Munich hadi Aprili 1944, mabomu ya vita yalipoiteketeza. Ikabaki michoro, picha na maandishi tu.

Mwaka 2008, mjini Erfoud nchini Morocco, mwanamume mmoja alimwonyesha mtaalamu Nizar Ibrahim mifupa ndani ya boksi. Baadaye Ibrahim aliona mifupa inayofanana na hiyo katika makumbusho ya Milan, Italia, akashuku ni ya mnyama yuleyule. Lakini ilichimbwa wapi? Bila kujua mahali, huwezi kujua umri wa mwamba wala kutafuta mifupa iliyosalia. Mwaka 2013 alirudi Erfoud kumtafuta mtu ambaye hakujua jina lake, alikumbuka masharubu tu. Akiwa amekaa mkahawani, karibu kukata tamaa, akamwona akipita! Mtu huyo akawapeleka hadi kwenye shimo lenyewe, na humo wakapata mifupa zaidi.

Kwetu Kenya, visukuku hulindwa na sheria. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe. Weka alama karibu nao, kisha mwambie mzazi au mwalimu apeleke habari kwa chifu au Makavazi ya Kitaifa.